Kufuli la Mwalimu Sumaku

Jumapili, 12 Januari

Mume wangu! Nimeliandika. Naliandika tena maana hapa hakuna wa kunicheka: mume wangu, mume wangu, mume wangu.

Amelala kwenye mkeka sebuleni, mchana kweupe, kitabu cha fizikia kimemfunika uso. Anakoroma. Hata kukoroma kwake nakuona kuzuri — basi nimelogwa!

Na hii ndiyo nyumba yetu. Ya tatu katika zile nyumba nne za walimu nyuma ya uwanja wa shule. Vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili hawapishani bila kugusana (sisi hatulalamiki). Bomba liko nje, tunashirikiana na majirani. Mlango wa mbele haufungi mpaka uuinue kwa goti. Amesema atautengeneza. Huyu anatengeneza kila kitu! Kengele ya shule, feni ya ofisi ya walimu, pasi ya Madam Mkuu, redio ya jirani. Mfukoni hakosi vitu viwili: bisibisi na sumaku. Ndiyo maana wanafunzi wanamwita Sumaku. Mimi najifanya nachukia lile jina, lakini nikiwa peke yangu nalitamka.

Zawadi bado zimejaa chumbani. Mama mkwe ametuletea sanduku kubwa la magurudumu, la nguo za watu wawili. Mama mdogo akaangua kicheko mbele za watu: "Sanduku la nini tena? Huyu tangu azaliwe safari yake ndefu ni sokoni na kurudi!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Sanduku liko juu ya kabati, linatuangalia.

Nataka kuandika tulivyokutana, nisije nikasahau hata chembe. Mama mdogo ndiye aliyenilea, na ana duka mkabala na lango la shule: kalamu, madaftari, bahasha, na mashine moja ya fotokopi. Mimi ndiye mtu wa mashine tangu nimalize kidato cha nne. Mwalimu mpya wa fizikia alipokuja, Madam Mkuu alimwambia siku ya kwanza kwamba mashine ya shule ilishakufa zamani, karatasi zake atazitolea kopi dukani. Kwa hiyo kila Ijumaa, huyo! Shati limekunjwa mikono, chaki kwenye nyusi.

Ijumaa moja mashine yetu ikatafuna karatasi. Akaifungua, akaitoa ile karatasi kama anayemtoa mtoto mwiba, mashine ikapona. Nikabaki na jaribio lililokunjamana. Nikayafanya yale maswali, kujifurahisha tu, nikaiacha karatasi kaunta. Akaiona. Akaondoka nayo bila neno — nilitamani ardhi inimeze! Ijumaa iliyofuata akanirudishia imesahihishwa kwa wino mwekundu. Saba kwa kumi. Chini ameandika: "Swali la nne umepotea njia lakini umefika."

Hiyo ndiyo barua yangu ya kwanza ya mapenzi. Tangu hapo kila Ijumaa nikawa mwanafunzi wake wa siri. Na siku niliyopata kumi kwa kumi, aliongeza swali la kumi na moja. Nilijibu ndiyo, kwa herufi kubwa.

Nani alipanga haya kama si Mungu mwenyewe? Mashine mbili mbovu, watu wawili wazima!

Jumanne, 14 Januari

Shule zimefunguliwa. Ameondoka na beseni langu la kufulia, kioo cha bafuni na mshumaa wa sherehe. Ati anafundisha mwanga. Nimefulia ndoo. Karudi jioni kabisa, anacheza mlangoni kama kichaa: kuna binti wa kidato cha tatu aliyekuwa hasemi neno, leo amesimama akaeleza kwa nini kijiko kinaonekana kimevunjika ndani ya maji. "Peke yake, mke wangu! Hakuna aliyemdokezea!"

Nimempa chakula kimepoa. Hakujua kimepoa.

Ijumaa, 17 Januari

Leo amenipeleka kuona chumba.

Mwisho wa jengo la madarasa kuna chumba kilichokuwa ghala la madawati mabovu. Madam alimwahidi: kaa na sisi, kile kitakuwa maabara. Likizo nzima, mpaka wiki ya harusi yetu, alikuwa mle na wanafunzi wachache. Wamepaka rangi. Wamegeuza madawati mabovu kuwa meza ndefu. Amevuta waya, taa nne zinawaka. Ukutani amechora upinde wa mvua na mshale wa kila rangi. Nilikuwa namwonea wivu huyo maabara kipindi cha uchumba, nakiri!

Akanisimamisha katikati, akafunga mlango, akazima taa. Akaacha tundu moja tu dirishani. Mti wa nje ukaja ukutani, juu chini, unatikisika na upepo. Rangi zote! Nikapiga kelele. Akanishika bega, akasema shule tatu zimekwisha kumwita tangu aje hapa, lakini hakuna hata moja yenye chumba alichokijenga mwenyewe.

Nimeolewa na mtu wa namna gani huyu jamani. Wengine wanapelekwa ufukweni, mimi nimeonyeshwa mti umegeuka kichwa chini. Sibadilishi.

Jumatano, 22 Januari

Leo karudi mapema! Kengele ya mwisho haijamaliza kulia, yuko mlangoni. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia kaa nikuandalie chai, leo nimekupata mzima.

Akakaa. Akainama kufungua viatu, kamba moja tu, akabaki ameishika.

Meza zake ziko nje. Jua linazipiga. Mle ndani kumewekwa makochi. Makochi mekundu, yamefunikwa nailoni bado, na meza ya kioo na maua ya plastiki. Madam ameamua chumba kiwe cha kupokelea wageni. Wageni wakubwa wanakuja mwezi ujao, hawawezi kukalishwa kwenye mabenchi ya wanafunzi. Upinde wa mvua umepigwa rangi ya maziwa. Ameyakuta asubuhi, mbele ya darasa lake zima. Wanafunzi walikuwa wamebeba mishumaa.

Nilimuuliza, ukamwambia nini? Akasema alimkumbusha ahadi. Madam akamgonga bega: "Mwalimu, sasa wewe si mtu wa kuwekewa ahadi tena. Wewe ni mwenyeji."

Sijui kwa nini maneno hayo yananirudia. Si maneno mabaya.

Ijumaa, 24 Januari

Amerudi mapema tena. Na jana. Beseni langu limerudi, na kioo. Anafundisha kwa kitabu: "Fungueni ukurasa wa kumi na mbili." Amenisimulia hivyo anacheka, ila kicheko hakina mwenyewe.

Na mimi mjinga wiki hii nzima najipamba naona nimependwa kuliko kazi! Kumbe mwalimu anayerudi nyumbani kengele ikilia ni mwalimu aliyevunjika.

Jumamosi, 25 Januari

Simu imelia tukiwa bado mezani. Shule moja, mbali — siku nzima ya basi. Mkuu wake na mume wangu waliwahi kusoma pamoja chuoni. Ana maabara yenye vifaa ndani ya makabati, na mwalimu wa fizikia amestaafu. Anamtaka. Jibu anataka Jumatatu ya tarehe tatu.

Mume wangu akasema, "Nashukuru kaka, lakini sasa nina familia hapa." Yule akamwambia afikirie hata hivyo mpaka siku hiyo. Mume wangu akakata. Akanitazama kwa mapenzi mpaka nikayeyuka. Anasema atabaki kwa ajili yangu — duka, mama mdogo na presha yake, mizizi yangu yote iko hapa.

Nikambusu. Halafu nikaenda kuosha vyombo na nikaosha sahani moja hiyo hiyo muda mrefu. Mbona hakuniuliza?

Jumatatu, 27 Januari

 

Leo bombani tulikuwa wawili, mimi na Mama Pacha wa nyumba ya kwanza, mke wa mwalimu wa kilimo. Mwanamke wa maneno, mdomo wake hauna pazia, lakini roho safi. Nikamwambia habari ya makochi. Akapiga kofi la maji. Akasema, mwenzangu, usimsumbue mumeo, atazoea. Wa kwake pia alizoea. Aliahidiwa ekari mbili za shamba la shule awafundishie vijana, mpaka leo anawachorea mahindi ubaoni. Mwili uko darasani, roho ilishahama.

Nikasema, basi kwa nini hakuondoka?

Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Angeondokaje, naye alishawekewa mimi? Sisi si ndio kufuli?"

Nikamwambia sielewi.

"Wee! Usijifanye malaika, shemeji. Hizi nyumba nne zote, wake wote ni wa Madam. Mimi nilikuwa mpishi wa mkutano wa wazazi, nikaambiwa chakula cha mwalimu wa kilimo nimpelekee mwenyewe, mkononi, kila siku, eti ana vidonda vya tumbo. Vidonda gani, yule anakula hata mawe! Wa nyumba ya pili alipangwa kwenye kwaya na wa historia, walikuwa wanaimba kama mlango mbovu wote wawili. Na wewe ni wa mashine ya fotokopi." Akanifinya shavu. "Wewe ndiye Madam alikutungia vizuri kuliko sisi wote."

Alikuwa anatania kama mtu anayetaja jambo la ukoo. Alidhani najua! Aliponiona uso, akachukua ndoo yake ikiwa nusu.

Mashine mbili mbovu, nilisema mimi. Mungu mwenyewe, nilisema mimi.

Jumanne, 28 Januari

Nimekwenda dukani, nikafunga mlango wa nyuma. Nikamuuliza mama mdogo ana kwa ana, ni kweli?

Hakukana hata! Aliendelea kupanga kalamu. Akasema, sasa ulidhani vijana wanaanguka kutoka mbinguni? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Madam alikuja mwenyewe, akakaa pale pale nilipokaa mimi, akasema amepata kijana mzuri, msomi, hanywi, ila hana kinachomshika. Akauliza, binti yako ana mtu? "Nikasema hana. Kosa langu liko wapi? Nilikuuza? Nilikulazimisha? Nilikuweka tu kwenye mashine, na kwenye mashine ulikuwepo tayari."

Nikasema, mama, ungeniambia.

"Ningekuambia ungeona haya, ungemnunia. Mimi nakujua. Na wateja wa shule tulipata, nikuambie uongo? Tulipata. Lakini la kwanza lilikuwa wewe."

Alilia kidogo. Nami nikalia. Tukafungua duka kwa sababu kulikuwa na mtu anagonga anataka bahasha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nasikia hiyo methali nikidhani ni ya maadui.

Jioni nimempikia mume wangu kama kawaida. Amenisifia. Nimemtazama akila. Mdomo ule ule, nyusi zile zile. Je, na wewe? Swali halitoki. Nalimeza na tonge.

Alhamisi, 30 Januari

Madam ametuita wake wa walimu tusaidie kupanga kile chumba cha wageni. Tukaenda tu, mimi na Mama Pacha (ananiangalia kwa huruma, simtaki) na wa nyumba ya pili. Tumefuta nailoni. Tumepanga maua ya plastiki. Rangi ya maziwa ukutani bado nyepesi, ukisimama pembeni unaona upinde wa mvua kwa chini, kama mshipa wa mkono.

Madam akanituma stoo nikalete kapeti, akanipa funguo zake. Kapeti liko nyuma. Mbele yake kuna kitu kimefunikwa kitambaa cha maua, kimetariziwa vizuri pembeni. Sikuhitaji kufunua. Mtu aliyesimama miaka na mashine anaijua kwa mabega yake.

Nikafunua. Safi! Haina hata vumbi. Nikachomeka waya ukutani. Taa ikawa nyekundu, ikafikiri, ikawa ya kijani. Ikaanza kuunguruma ule mngurumo wake wa kupasha moto — nimeishi na mlio huo, ni kama kusikia mtu wa nyumbani anakohoa.

Sikuwa na karatasi ya kuitolea kopi. Nikaweka mkono. Nikafunika. Mwanga ukapita chini ya kiganja changu, kutoka upande hadi upande.

Ikatoka. Mkono wangu, kila mstari, na pete imekuwa duara jeupe. Pembeni kushoto kuna mstari mwembamba mweusi kutoka juu hadi chini. Nikaangalia kioo: kuna mkwaruzo, mdogo kama unywele. Basi. Huo ndio ugonjwa wake wote.

Nikaifunika tena. Nikakunja mkono wangu nikautia kifuani. Nikabeba kapeti.

Na njiani, na kapeti begani, ndipo likanijia. Mume wangu ametengeneza kengele. Feni. Pasi ya Madam. Redio ya jirani, mara tatu! Mlango wetu wenyewe ameutengeneza Jumamosi, sasa unafunga kwa kidole. Mtu asiyeweza kupita mbele ya kitu kibovu bila kutoa bisibisi.

Mbona ile mashine hakuiomba hata aitazame?

Ijumaa, 31 Januari

Nilikwenda kurudisha funguo. Madam akanikalisha kwenye makochi mekundu. Mimi wa kwanza kuyakalia kabla ya wageni, heshima hiyo.

Amekwisha kusikia habari ya ile simu. Hapa ukuta una masikio na masikio yana miguu. Akanishika mkono, mikono yake ya moto na laini, akaniita mwanangu. Akaniomba nimshike mume wangu. Nikasema, Madam, nimejua habari ya mashine.

Hakushtuka. Alitua tu, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi kutoka benchi la nyuma.

Akasema: "Mwanangu, walimu wa fizikia niliopata kabla yake ni watatu. Wote waliniacha katikati ya mada. Mwaka mmoja kidato cha nne waliingia mtihani hawajawahi kumwona mwalimu wa fizikia hata kwa mbali. Waliandika majina yao tu. Mimi ndiye niliyesimamia chumba kile. Mshahara wa mwalimu siupangi mimi. Cheo sitoi mimi. Mimi nina nini cha kumshikia mtu? Nina nyumba nne mbovu na watu ninaowajua. Nikatumia watu."

Na kusema kweli — niandike kweli hapa — sikuweza kumchukia wakati ule. Niliwaona wale watoto wameandika majina yao tu.

Nikauliza, kwa nini mimi?

"Kwa sababu una adabu, una akili, na wewe si mtu wa safari."

Ndipo nikamchukia.

Nikauliza, na maabara? Akatabasamu. Akasema, mwanangu, maabara niliahidi akiwa hana mtu. Mwanamume akiwa na nyumba, chumba anaweza kusubiri.

Nimetembea uwanja mzima bila kuona ninapokanyaga. Kumbe ndiyo hivyo! Makochi yaliletwa baada ya harusi. Kwa Madam, maabara au mke, kimoja kinatosha, na kimoja kimeshatolewa. Mimi ndiyo maabara yake. Mimi ndiyo ekari mbili za mwalimu wa kilimo. Ametulia ameketi, mume wangu mpenzi, na anaita kutulia kule mapenzi, na mapenzi hayo hayo ndiyo yanamzima taa moja baada ya nyingine. Namshika, namshika, na ninachoshika kinapungua.

Kabla sijatoka Madam aliniita. Ati ile mashine "imepona". Anataka mtu wa kuiendesha. Nafasi ni yangu, ofisini, kiti cha kuzunguka. Atakuja Jumapili nyumbani na mama mdogo tuyazungumze kifamilia.

Jumamosi, 1 Februari

Nilitaka kumuuliza leo. Alikuwa ameketi nje anamwonyesha mmoja wa wale pacha wa nyumba ya kwanza sumaku yake. Akamwambia: ukiivunja sumaku vipande viwili hupati kaskazini peke yake na kusini peke yake. Kila kipande kinakuwa sumaku kamili, na ncha zake mbili. Mtoto akasema, basi nivunjie yangu. Alicheka! Kicheko cha zamani, chenye mwenyewe. Akainua macho akaniona mlangoni, akanikonyeza.

Sikuuliza.

Nimemwambia tu, ile shule ya mbali, ungeniuliza ningesemaje? Akasema, "Najua jibu lako, mke wangu. Wewe si mtu wa safari."

Maneno yale yale. Neno kwa neno. Yametoka kwa nani kwenda kwa nani?

Jumapili, 2 Februari

Wako sebuleni. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati la nguo.

Wamekuja baada ya chakula cha mchana. Madam na gauni la buluu, mama mdogo nyuma yake kama mtu aliyeitwa kuwa shahidi. Utani mwingi. Madam amemwambia mume wangu, shemeji naona unanenepa, ndoa imekukubali! Amesema kesho yule mkuu wa mbali atapewa jibu, na jibu anajua ni zuri. Amesema mke wako naye kuanzia kesho ni mtumishi wa shule, mashine imepona, mtakuwa mnatoka na kurudi pamoja kama njiwa. Mama mdogo akasema amina, akiangalia dirishani.

Mume wangu akanigeukia, uso umeng'aa. "Imepona? Nani ameitengeneza?" Ndivyo alivyouliza! Kwa sauti ya mtu asiyejua. Na moyo wangu ukaruka — hajui! Jamani hajui! Nilitaka kumkumbatia mbele yao wote. Siku zote hizi nimemtesa bure kichwani mwangu.

Nikaja huku chumbani, nikachukua ule mkono wangu wa karatasi. Nikarudi, nikauweka mezani katikati ya vikombe. Nikasema, Madam, huu niliutoa Alhamisi stoo. Haikupona. Haikuwahi kuumwa.

Kijiko cha mama mdogo kikagonga kikombe.

Mume wangu akauchukua. Akautazama kwa upendo, naapa ni upendo, akapitisha kidole kwenye kiganja, kwenye pete. Kidole kikaenda kushoto, kwenye ule mstari mweusi, kikashuka nao polepole hadi chini. Akasema, taratibu, kama anavyosema akiwa anawaza kazi na amesahau kuna watu:

"Kioo hawakubadilisha. Mkwaruzo bado upo."

Halafu akasikia alichosema.

Mashine ile ilikuwa stoo hata kabla hajakanyaga shule hii. Imefunikwa. Haijatoa karatasi hata moja kwa mtu ninayemjua mimi. Basi yeye alimjua mgonjwa lini?

Aliniangalia. Nikamwangalia. Macho yake yalishuka kwenye viatu. Nikaondoka pale bila kumwaga chochote, nashangaa nilivyotembea vizuri, nikafunga mlango wa chumba. Unafunga kwa kidole. Yeye ndiye aliyeutengeneza na huu.

Sasa mume wangu yuko nje yake, anagonga. Anaongea na ubao wa mlango. Anasema aliifungua ile mashine wiki yake ya kwanza. Anasema aliiona nzima, akaifunika, akanyamaza, kwa sababu siku moja kabla alishakwenda dukani mara moja, akaniona, na mara moja ilikuwa imetosha. Anasema hakujua Madam anamtega. Yeye alidhani anamtega Madam. Anasema, mke wangu, hiyo ndiyo kweli yangu yote, nisahihishe.

Nisahihishe! Ni tamu. Nataka kuiamini mpaka meno yanauma. Lakini mtu aliyemeza siri hiyo Ijumaa zote zile, na meza ya harusi, na kitanda hiki, akanisikia namshukuru Mungu kwa mashine mbovu, akacheka nami — kweli yake naipimia wapi? Na kama ni kweli, mbona alijibu ile simu bila kuniuliza, kwa maneno ya Madam?

Sebuleni Madam anamnong'oneza mama mdogo, anadhani sisikii. "Waache. Ndoa changa ina moshi. Watayamaliza. Hawaendi popote."

Sanduku liko juu ya kabati, pale pale lilipokuwa. Nimepanda kitandani. Nimelishusha. Magurudumu yamegonga sakafu, na sebuleni Madam ameacha kunong'ona.

Ni kubwa. La nguo za watu wawili.

Bado anagonga.